Chini ya Ngozi ya Lori la Kwanza

Tangu asubuhi Ludmila Kubat hakutulia. Koleo lilimponyoka mara mbili, sindano ikamchoma, na macho yake hayakubanduka kwenye saa ya ukutani. Ikifika saa sita kamili, kiwanda cha malori cha Hallbeck kingesherehekea miaka arobaini, na lori lake la kwanza kabisa lilikuwa bado mbele yake katika chumba cha kushonea viti, kiti chake kikisubiri ngozi mpya.

Baba yake, Bohumil, ndiye aliyekishona kile kiti mwaka 1912. Mishono mia mbili, kwa mkono! Aliisimulia habari hiyo kila Krismasi mpaka wajukuu wakawa wanaimalizia wenyewe. Wastaafu wenzake pale Cleveland hawakumwamini, wakamcheka wazi, na Ludmila alichoka kumwona mzee wake akigeuzwa kichekesho. Sasa karani aliyekuwa akiandika kitabu cha historia ya kiwanda alikuwa ameahidi kwamba jina la mzee likionekana ndani ya kiti, litaingia kitabuni. Na lingeonekana tu. Washonaji wa viti walikuwa na desturi yao: kabla ya kufunika, kila mmoja aliandika jina lake kwa penseli ya zambarau kwenye gunia lililo chini ya ngozi, mahali ambapo mnunuzi hapaoni.

Saa nne na nusu mlango ukafunguliwa. Bohumil aliingia na tai yake ya Jumapili. Nyuma yake alikuja mama, Ruzena, na sahani ya kolache, vimkate vitamu vya plamu.

"Baba! Mbona mapema hivyo?"

"Ludmila, usiibandue ngozi ya zamani. Weka mpya juu yake, basi."

"Kazi gani hiyo ya kulipua? Ningeifanya mimi, ungenitoa roho!"

"Yamepita hayo, mwanangu. Mimi sitaki makuu."

Hataki makuu, yeye! Ludmila akacheka, akaendelea kung'oa misumari. Mzee alilizunguka lori, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mama aliketi kwenye kigoda, akamtazama mumewe.

Ngozi ikaachia. Maandishi ya zambarau yalikuwa yamefifia, lakini yalisomeka: Ruzena Kubat. Februari 1912. Jikoni.

Ludmila alisoma mara mbili. Hasira ikampanda hadi masikioni.

"Baba, ni nini hiki?"

"Mkono ulikuwa umevimba," mzee alisema. "Wangenifukuza. Nikaipeleka ngozi na gunia lake nyumbani ndani ya koti, mama yako akashona. Mimi sikuandika jina langu, na sikujua kama yeye aliandika lake."

"Hukuuliza," mama alisema.

Kabla mzee hajajibu, karani akaingia na daftari lake. "Haya, mzee Kubat! Umo au humo?"

Ludmila alikuwa bado ameshika pindo la ngozi. Angeliachia tu, lingefunika kila kitu; angesema jina limo, na mzee angeingia kitabuni kama alivyotamani miaka yote. Alimwonea haya, akamwonea na huruma. Mkono wake ukaanza kushuka.

Bohumil akaudaka.

"Andika Ruzena," alisema.

"Ruzena ndiye nani? Idara hii haikuwa ikiajiri wanawake wakati ule."

"Hakuajiriwa. Alishona yeye, sifa nikala mimi. Andika hivyohivyo."

Karani alikuna kichwa, akamgeukia mama. "Na wewe, bibi, una la kusema kitabuni?"

Ruzena aliiweka sahani chini. Akainama juu ya kiti, akapitisha kidole polepole kwenye mishono ya zamani, kutoka ukingo hadi ukingo, huku mumewe akiwa amesimama kando na kofia mkononi.

"Andika kwamba mzee amekuwa akikosea kila Krismasi," alisema. "Si mia mbili. Ni mia tatu na kumi. Niliihesabu."