Nguzo Ngapi kwa Siku

Mhandisi alishinda kwenye matope akiutazama mtambo ukichimba. Jengo lile lingesimama juu ya nguzo za zege zinazozama chini kabisa ardhini, na kazi yake ilikuwa kukadiria mtambo utamaliza nguzo ngapi kwa siku.

"Mbili," alimwambia bosi. "Huku chini kuna mchanga wenye maji. Bila bomba la chuma la kuzuia kuta, shimo linaporomoka. Na kuteremsha bomba kunakula muda."

Bosi akacheka. "Kule tulikotoka tulipiga tano."

"Kule udongo ulikuwa mkavu, bosi."

"Mtambo si ule ule? Dereva si yule yule? Ni tano. Mwenye jengo nimeshamwambia."

Dereva mwenyewe alikuwa shemeji wa mhandisi, kaka wa mumewe. Mhandisi akamfuata kwenye mtambo.

"Shemeji, teremsha bomba kila shimo. Nakuomba."

"Bosi kashasema tano. Nikitoa mbili, nitaitwa mvivu mimi, si wewe."

Kesho yake akachimba bila bomba. Shimo la kwanza likakubali. La pili, mchanga ukaporomoka na kuibana keekee, chuma cha kuchimbia, huko chini. Mtambo ukaguna, ukatetemeka, ukazima. Hakuna aliyeumia, ila siku nzima iliishia kuvuta chuma.

Mwenye jengo akaja na viatu vyake visafi.

"Ardhi hii imetugeuka," bosi akamwambia.

Mhandisi akadakia. "Haijageuka. Iko vile vile nilivyosema. Ni mbili kwa siku."

Mwenye jengo akamtazama huyu, akamtazama yule. "Yeye mbili, wewe tano. Basi tufanye tatu, tusigombane."

"Mzee, hizi si nyanya. Mchanga haujui kupunguza bei."

"Tatu," akarudia kwa upole, kama anayemfanyia hisani, akaondoka.

Mhandisi akarudi kwa shemeji yake. "Teremsha bomba. Wakiuliza, niulizwe mimi."

Safari hii shemeji hakubisha. Tangu siku hiyo nguzo zikatoka mbili mbili, imara, bila shimo kuporomoka. Na kila asubuhi bosi alimsimamisha mhandisi getini kumuuliza nguzo ya tatu iko wapi. Mwanzoni alimweleza. Baadaye akawa anapita tu, akielekea kwenye matope.