Pembe kwa Pembe

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Bi Mikunjo alikuwa ameketi kizingitini akishona kifungo cha shati lisilokuwa tena na mvaaji, simu ilipolia. Alikata uzi kwa meno kwanza, ndipo akapokea. Aliyepiga alikuwa mwanawe wa kwanza.

"Shikamoo, Mama. Umeshaanza kufunga vitu?"

"Marahaba. Vitu gani?"

"Kumbe dada hakukwambia? Gari linakuja kesho saa tatu. Mnunuzi anataka kiwanja kikiwa kitupu."

"Kiwanja kipi, mwanangu?"

"Mama, si ile karatasi uliyotia sahihi mwezi uliopita?"

"Ulisema ni ya kuunganishiwa maji."

"Ya maji nayo ilikuwamo," akasema mwana. "Utakaa kwetu miezi mitatu, kisha kwa dada miezi mitatu. Hutakosa kitu."

Binti naye, alipopigiwa, alieleza kwamba alimwachia kaka aseme kwa kuwa kaka ndiye mkubwa; na kaka, kwa maelezo yake, alimwachia dada kwa kuwa dada ndiye ajuaye kusema na mama. Hivyo ndivyo nyumba ilivyouzwa na watoto wawili wenye adabu, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni.

Bi Mikunjo alimaliza kushona kifungo. Kisha alikwenda dukani akaomba maboksi, akapewa manne, mawili yakiwa yamelowa.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkunjaji wa shuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na ndiko alikolipatia jina hilo. Kazi ile ilikuwa na kanuni tatu. Pembe huenda kwa pembe. Upande safi hukaa ndani. Na anayekunja haangalii uso wa mwenzake, huangalia pembe, kwani atazamaye uso hukunja upogo. Shuka lilikuwa kazi ya watu wawili; mtu mmoja alizaa makunyanzi tu.

Alianza na sebule. Vikombe alivifunga kwa magazeti, picha ya harusi akaitia katikati ya mito miwili. Alipoyatungua mapazia na kuanza kuyakunja, ukuta ulikuja pamoja nayo, kama bitana ifuatavyo koti. Bi Mikunjo alisita kidogo, akatazama upande upi ulikuwa safi, akaugeuzia ndani. Kwa kuwa hakuwa na mwenzake, aliibana ncha ya pili kwa jiwe la kusagia, akauvuta ukuta ukanyooka, akaukunja mara mbili, kisha mara nne. Kufikia adhuhuri sebule nzima ilikuwa imelala juu ya kiti, unene wake ukiwa kama wa blanketi la majira ya baridi.

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alimtazama kwa muda huku akipiga misumari.

"Bi Mikunjo, unahama au unafua?"

"Nahama."

"Na hilo bati la juu utalifanyaje?"

"Nitalikunja mwisho. Lina ubishi."

"Usilipige pasi tu, litakuunguza. Na huko uendako, kuna pa kulikunjulia?"

Fundi alitoa msumari mdomoni, akautazama, akaurudisha. Halafu alisema kwamba angekwenda kumshikia ncha, lakini kuna mteja aliyesimama kwa mguu mmoja akisubiri kiatu, na kweli alikuwapo.

Jiko lilikunjika kabla ya magharibi, harufu ya moshi ikiwa ndani. Vikabaki chumba cha kulala na lile paa. Bi Mikunjo alilala humo kwa mara ya mwisho, akaamka alfajiri, akakunja kitanda, kisha akazishika pembe mbili za chumba.

Chumba kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Mumewe, aliyekuwa fundi saa, alifia humo miaka sita iliyopita, na tangu hapo, kila siku ifikapo saa kumi na moja jioni, kikohozi chake kilisikika karibu na dirisha, mara mbili, kikavu, cha mtu anayetaka kuulizwa hali yake. Bi Mikunjo alikuwa amezoea kumuuliza. Jiwe liliwekwa kwenye ncha ya pili, likaburutwa. Liliwekwa tena, likaburutwa tena.

Ndipo ncha ile ikainuliwa.

Ilishikwa vizuri, kwa kimo kilekile cha mikono yake. Bi Mikunjo hakuinua macho. Alitazama pembe.

"Vuta kidogo," alisema.

Ikavutwa.

"Upande wako umelegea."

Ikakazwa. Walikwenda mbele wakakutana katikati. Vidole vilivyonuka mafuta ya saa vikamkabidhi pembe mbili, baridi kidogo, bila haraka. Kisha wakarudi nyuma, wakaja tena. Waliporudia mara ya nne, mikono ile iliachia, kama ilivyo desturi ya kazi: mmoja hubaki na shuka, mwenzake hurudi kuchukua jingine. Lakini halikuwapo jingine ila bati, nalo walilikunja pamoja, bila kelele.

Alivipanga vyote katika sanduku la bati la marehemu: paa na jiko chini, sebule katikati, chumba cha kulala juu. Ufunguo wa nyumba aliutia mfukoni kwa mazoea.

Mwana alifika saa tatu kamili na lori la tani saba na wapakizi wawili. Alikuta kiwanja kitupu, mama ameketi juu ya sanduku, na maboksi manne kando yake.

"Mama, ungesema mapema kwamba ni sanduku moja. Nisingekodi lori kubwa."

"Hukuniuliza."

Mwakilishi wa mnunuzi alikuja na watu wa kubomoa, akapima kwa hatua, akaridhika. Alimpa Bi Mikunjo mkono na kumshukuru kwa kumpunguzia kazi ya siku mbili. Bosi wake alinunua kiwanja, akasema, nyumba hakuwa na haja nayo. Fundi viatu aliinua nyundo kumuaga.

Kwa mwanawe alipewa chumba cha stoo. Palikuwa na meza ya kupigia pasi, masanduku matupu ya safari, na godoro jipya lililobakizwa nailoni yake ili lisichafuke. Mkamwana wake alikuwa mtu wa heshima. Alimkaribisha kwa mikono miwili na kumwonyesha swichi ya taa.

Siku ya tatu, Bi Mikunjo alipima ua kwa macho.

"Hapo nyuma panatosha," alimwambia mwanawe. "Sebule na chumba vitaenea. Nahitaji mtu wa kunishikia ncha tu."

"Hapo ndipo ninapoegesha gari, Mama."

"Basi chumba peke yake. Kitakaa pembeni."

Mwana alitazama saa yake, ambayo baba yake aliitengeneza mara nyingi. "Jumapili," alisema. "Jumapili tutaona."

Jumapili ya kwanza palikuwa na wageni. Ya pili mvua ilinyesha. Ya tatu mwana alikuwa amechoka, na kweli uso wake ulionyesha. Baada ya hapo Bi Mikunjo hakutaja tena ua. Alianza kuhesabu siku za kwenda kwa binti, ambaye alikuwa akiishi ghorofa ya nne, nyumba isiyokuwa na ua kabisa.

Jioni moja, saa kumi na moja, alipokuwa akikunja nguo za watu wote wa nyumba ile, kikohozi kilisikika sandukuni, mara mbili, kikiwa kimezibwa na mikunjo. Bi Mikunjo alifunga mlango wa stoo, akainua kifuniko, akavuta pembe moja ya chumba, kiasi cha shibiri. Rangi ya ukuta ilikuwa safi. Aliishika, akanyoosha.

Kutoka ndani, ncha ya pili ilivutwa taratibu, kwa kimo kilekile.

"Bado," alisema Bi Mikunjo, macho yakiwa kwenye pembe. "Hakuna nafasi. Unaendeleaje?"

Ncha ililegezwa. Aliirudisha pembe mahali pake, juu ya pembe nyingine, upande safi ukiwa ndani, akafunika sanduku. Kisha akalichukua shuka la mwanawe, ambalo ni la watu wawili, akalikunja peke yake, likatoka na makunyanzi.