Ngata Chini ya Mzigo

Vumbi kwanza. Vumbi lililoelea ndani ya mwali wa projekta, jekundu, jepesi, lisilotua. Minza alilijua vumbi hilo, kwa kuwa ndilo alilolifagia kila asubuhi katika ghala kuukuu la karibu na stesheni ya Tabora, ghala lililoazimwa kwa maonesho ya picha zilizochorwa na kompyuta. Alifagia, likarudi. Alifagia, likarudi, likapanda kwenye mwanga likacheza, kama linalomcheka.

Na ndani ya mwanga, msafara. Ukuta mzima wa wapagazi wa zamani, wanaume kwa wanawake, mizigo vichwani, wakitokea upande wa Igalula kuja mjini. Akili mnemba ndiyo iliyowaumba, baada ya kulishwa maelfu kwa maelfu ya picha. Wanatembea, wanatembea, hawafiki. Wakigusa pembe ya ukuta wanaanza upya. Wanatembea, wanatembea, hawafiki.

Ee ghala la maajabu! Humo mlikuwa na ua lililochanua kwa hesabu za mvua, petali moja kwa kila mvua iliyonyesha Tabora mwaka jana. Humo mlikuwa na kioo kilichogeuza sauti kuwa rangi. Minza alikiambia "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya kwao, kikamjibu kwa zambarau ya bilinganya. Kesho yake akakisalimu akiwa na mafua, kikatoa kijani cha mlenda. Alicheka mpaka ufagio ukamponyoka.

Lakini macho yalirudi kwa msafara. Siku ya kwanza alitazama miguu. Siku ya pili, mizigo. Siku ya tano shingo yake mwenyewe ikaanza kuuma, asijue kwa nini. Siku ya sita, nyumbani Ipuli, akiviringa kitenge ajitwike ndoo ya maji, mkono ukamsimama hewani.

Hawana ngata!

Hata mmoja. Pembe za ndovu, marobota ya nguo, mitungi ya asali, vyote juu ya utosi mtupu! Safari ya miezi, jua la miezi, na hata kitambaa cha kuviringa hakuna!

Amwambie nani? Raymundi, kijana aliyeutengeneza msafara, alikuwa na shahada na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuringia. Minza alikuwa na darasa la saba na ufagio. Na Jumamosi maonesho yangepanda treni kwenda Dodoma. Huko watu wangetazama, wangeamini, na wapagazi hao, wazee wake wa kale, wangebaki hivyo siku zote, shingo zikiwauma mbele ya wageni.

Tena kwao mwenye mzigo hasalimiwi. Unamtua kwanza, salamu baadaye. Wiki nzima alikuwa amepita mbele ya wazee wake bila kuwasalimu, kwa kuwa hakujua mtu wa ukutani anatuliwaje.

Alhamisi akamfuata kwenye kompyuta yake.

"Kaka Raymundi, hao watu wako wanaumia."

"Wanaumia wapi, dada'angu? Huo ni mwanga tu."

"Basi mwanga wako unaumia shingo."

Akamweleza. Raymundi akautazama ukuta, akajishika utosi kama aliyetwikwa jiwe, kisha akaketi kuiandikia mashine maelezo. Mashine ikawaza, ikawavika wapagazi vilemba vya bwana harusi. Akaandika upya, ikawapa viota, kimoja na yai lake. Mara ya tatu, kila mpagazi akatembea na chapati iliyoviringwa kichwani, ing'aayo mafuta.

"Angalau njiani hawatalala njaa," Minza akasema, akijifuta machozi ya kicheko.

"Imeona picha zote hizo," Raymundi akalalamika, "iweje isijue ngata?"

Minza alijua. Kutazama kwa subira kulikuwa kumemfundisha.

"Picha zako zote watu wamejitwika. Ngata huonekana mzigo ukishushwa. Nani humpiga picha mtu aliyepumzika?"

Raymundi akavua miwani. Akainuka kuifuata kamera.

Ijumaa, majirani wa Minza walihamia ghalani. Bi Getruda alikuja na ndoo, Kulwa na mzigo wa kuni, Zamda na gunia la karanga, kila mmoja na ngata yake: ya kitenge, ya kanga iliyochakaa, ya majani makavu. Wakatwikana, wakatuana, wakatwikana tena, na kamera ikala kila kitu.

"Usinipige nimefumba macho," Bi Getruda akaonya, "nisije nikafumba mpaka Dodoma!"

Kulwa alipotua kuni, aliikunjua ngata, akafuta jasho, akajipepea. "Hii ndiyo kazi yake ya pili," akasema.

Raymundi akailisha mashine yote hayo.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kufunga makasha, milango ilifunguliwa mara ya mwisho. Mwali ukawaka. Vumbi likapanda. Wanatembea, wanatembea, na chini ya kila mzigo ngata, na shingo zimenyooka kama mabua ya mtama. Wanatembea, wanatembea, na katikati ya ukuta, mahali ambapo hawakuwahi kusimama, mama wa mbele akainama kidogo. Mwenzake akaushika mzigo, akamtua. Akatuliwa wa pili. Akatuliwa wa kumi. Yule mama akaikunjua ngata, akafuta jasho, akajipepea.

Walifika.

Ghalani hakuna aliyesogeza mguu, na vumbi likakosa wa kulitimua. Likashuka taratibu ndani ya mwanga, punje kwa punje, likatua.

Minza akaegemeza ufagio, akapiga goti.

"Shikamooni."

Nyuma kabisa, Bi Getruda akashindwa kuvumilia.

"Marahaba, mwanangu! Mbona umechelewa?"

Kicheko kikapasuka, makofi yakafuata, Kulwa akaanza kupiga vigelegele na miguu ikaitikia kwa kucheza. Vumbi likapanda tena, jekundu, jepesi, likajaa mwanga wote. Ufagio ulikuwa karibu na mkono wake. Minza akauacha ukutani, na vumbi akaliacha licheze.