Ulimi wa Shaila

Watu wa Unionville, kitongoji cha Toronto, walipotaka kujua wapi pa kula, hawakumuuliza Nurudin, ingawa yeye ndiye aliyeendesha gari. Walimuuliza mkewe, Shaila. Kila Jumamosi wawili hao walishuka mjini Toronto kutafuta maduka mapya: mkahawa wa Kigiriki kule Danforth, bekari ya Mreno barabara ya Dundas, duka la chokoleti lililojificha nyuma ya duka la kinyozi. Shaila aling'ata mara moja tu, akasema, "Siagi ya juzi hii," au, "Ametia iliki, halafu akaogopa." Wapishi walitoka jikoni kumsikiliza. Nurudin alishika mifuko.

Kisha Shaila akaugua homa. Alipopona, chai ilikuwa maji ya moto tu, na mkate ulikuwa kama sponji mdomoni. Daktari alisema huenda ladha itarudi, huenda isirudi. Shaila alimwambia mumewe peke yake, akilia.

"Nyamaza," Nurudin alimwambia. "Itabaki kati yetu."

Wakaendelea kutoka. Shaila alisikiliza chokoleti ikivunjika, akapima ulaini wake, akautazama uso wa mumewe kabla ya kutamka neno. Hakuna aliyeshtukia.

Siku ya kuzaliwa ya Shaila, Nurudin alialika ndugu nyumbani. Alikuja dada wa Nurudin, Zarina, na bintiye Tazmin. Nurudin akaleta sahani ya chokoleti za mviringo zilizopakwa unga wa kakao.

"Duka jipya, la Mbelgiji," alisema. "Shaila, anza na hii."

Tazmin akainua simu kurekodi. Shaila akaitia mdomoni. Iliyeyuka upesi, ina mafuta na chengachenga. Alimtazama mumewe, lakini safari hii uso wa Nurudin haukumdokeza lolote.

"Karameli," Shaila alisema taratibu. "Na chumvi ya bahari. Huyu ni fundi."

Nurudin akapiga makofi. "Kidonge cha kukolezea supu ya kuku! Nimekiviringisha kwenye kakao! Hasikii ladha yoyote huyu, miezi sasa anatudanganya!"

Zarina alicheka mpaka akashika meza. "Wifi! Na mimi niliagiza keki ya harusi kwa neno lako!"

Shaila alimeza. Kabla sahani hazijaondolewa, video ilikuwa imefika kwa ndugu wa London na Nairobi.

Wageni walipoondoka, alimfuata mumewe jikoni. "Kwa nini, Nurudin?"

Aliendelea kuosha sahani. "Mimi hawajaniuliza hata siku moja," alisema.

Jumamosi Shaila hakutaka kutoka. Nurudin alimshikia koti mpaka akalivaa. Kule Dundas, yule Mreno mzee alitoka na trei ya vikeki vya maziwa na mayai, vinafuka mvuke, akasimama kungoja neno lake.

"Usimpotezee vile vizuri," Nurudin alimwambia mzee. "Mpe vilivyolala."

Mzee alimtazama Shaila, akingoja akatae. Shaila aliukumbatia mkoba wake, akaketi. Mwishowe mzee akachukua kimoja kutoka trei ya chini, kimenyauka, akakiweka mbele yake bila kumwangalia usoni.

Nurudin alikula cha moto, akaomba cha pili.

Shaila alikula chake chote. Kisha akamwambia mzee kwamba ni kitamu sana.