Mikono ya Msusi

"Dada, hebu toa mikono yako kwanza." Mteja aliinua kichwa kutoka kwenye beseni, povu likimchuruzika shingoni. "Hicho ni nini?"

Msusi alivitazama vidole vyake kama ndiyo kwanza anaviona. Vilikuwa vimepasuka kwenye viungo, viganja vyekundu, ngozi ikibanduka magamba. Alikuwa amevua glavu za mpira kwa muda mfupi tu, apime joto la maji.

Mwenye saluni hakupiga kelele. Alimmalizia mteja yule mwenyewe, kisha akampa msusi ufagio. "Hutagusa kichwa cha mtu hapa mpaka daktari aseme huambukizi. Ukichelewa, kiti chako nampa mwingine."

Msusi bila kiti ni mwanamke mwenye kitana tu.

Dawa alishajaribu. Kila jirani alikuwa na yake, na kila moja ilikuwa na bei. Wifi yake alimletea mafuta ya kijani yaliyonuka kama tairi linaloungua. Binti yake ndiye aliyekata shauri. Aliuliza duka la dawa, akauliza zahanati, akarudi na habari za daktari wa ngozi, ghorofa ya pili, juu ya benki. Akataja na ada.

"Hela yote hiyo kutazamwa ngozi?" Wifi alishika kiuno. "Ngozi si moyo, wifi yangu."

"Na moyo hausuki nywele," msusi akamjibu.

Siku ya kwenda alijiandaa kama anakwenda harusini. Kwa watu huingii na uchafu wako. Alisugua magamba yote kwa dodoki, akapaka mafuta, akamalizia na poda. Mikono ikapendeza. Akaridhika.

Daktari, mwanamke mdogo kuliko alivyotarajia, aligeuza viganja vile huku na huku. "Mama, mimi hapa naona poda."

"Nimejisafisha, daktari."

"Umenifichia mgonjwa. Nenda ukae siku chache bila kupaka kitu, kisha urudi."

"Nikirudi nalipa?"

"Nusu ya ada."

"Nusu yako ndiyo yote yangu. Bomba liko wapi?"

Hakungoja jibu, alishaliona pembeni. Aliosha, akafuta kwa leso, akaosha tena mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaiweka mikono mezani, inawaka kama makaa. "Haya. Mgonjwa huyu hapa."

Daktari akacheka. Halafu akaacha kucheka, akavuta taa. Wekundu ulipanda kutoka vidoleni, ukapita kidogo kifundo cha mkono, ukakatika ghafla kama umepigiwa rula. Juu ya hapo ngozi ilikuwa salama kabisa.

"Kazini unavaa nini?"

Glavu zake zilikuwa mkobani. Daktari akamvalisha glavu moja, na ukingo wake ukalala juu ya mstari ule ule.

"Unazivaa sana?"

"Tangu nianze kuwashwa sizivui hata nikifagia. Si naikinga mikono?"

"Unaikinga kwa kumvaa adui! Huu ni ukurutu, mama. Inaelekea mwili wako haupatani na mpira huu. Tutahakikisha kwa kipimo ukirudi. Ila huambukizi, hata ukimkumbatia mtu." Akamwandikia marhamu na cheti, akamwambia avae glavu za plastiki, ndani yake za pamba. "Tuonane baada ya mwezi."

"Ada ya mwezi ujao nitalipa," msusi alisema. "Nitakuwa na kiti."

Aliingia saluni na cheti amekinyoosha mbele kama bendera. "Siambukizi! Asiyeamini asome!" Mwenye saluni alisoma mpaka chini, akaondoa mkoba wa msusi mgeni uliokuwa umewekwa kwenye kiti chake.

Mwezi ulipokaribia kwisha ngozi ilikuwa imefunga. Yule mteja wa beseni alirudi, akapita wasusi wawili waliokuwa hawana kazi, akakaa kwa msusi. "Mkono wako mwepesi, dada. Wale wananing'oa."

Alipoondoka, mwenye saluni alivuta pazia la mlango, akaja kukaa kwenye kiti kile kile. Alijitazama kwenye kioo kwa muda. Kisha akavua wigi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya, na utosini pakaonekana mabaka ya mviringo yasiyo na unywele hata mmoja.

"Huyo daktari wako," alisema kwa sauti ndogo, "anatazama na vichwa?"

Msusi akavua glavu. Akaweka vidole vyake vitupu kichwani pale, akaanza kuzisogeza taratibu nywele zilizobaki, huku na huku, akitafuta pa kuanzia.