Keren Magotini pa Tamar

Kwa miaka minne Mama alikataa tumfanyie Tamar matanga. Tamar ni mdogo wangu. Siku za mauaji alienda shamba upande wa Beni na hakurudi. Mwili haukuonekana, na nyumba yetu ya kule ikaungua na picha zote. Mama aliniuliza bila picha yake tutaweka nini juu ya meza ya kilio, kitambaa peke yake? Basi alikaa mlangoni. Kila pikipiki ikipunguza mwendo, anasimama.

Ilibaki kamera ya marehemu baba, ile ya zamani, niliyokimbia nayo mpaka Butembo ndani ya mfuko wa nguo. Pelikule, ule utepe wa picha, ilikuwa bado ndani. Picha ya mwisho ni Tamar amekaa, na kanzu ya kwaya. Najua, nilikuwepo.

Papa Kasonia wa Vulamba, mpiga picha mzee, alikubali kuisafisha hiyo pelikule. Lakini kifundo cha kuizungusha kilikuwa na kutu. Aliniambia nikitie mafuta kidogo nyumbani, ningojee siku tatu, na nisifungue mgongo wa kamera kabisa, mwanga utakula kila kitu.

Nilingojea. Lakini mikono haikutulia. Nilifungua kioo cha mbele, nikapangusa kwa pamba na esansi ya pikipiki vile vijibati vya kupitisha mwanga, vilivyokuwa vinanata. Niliwaza, siku moja nitapiga watu picha, mtoto wangu Keren atasoma. Nikamlenga Keren pale alipokaa kwenye godoro, nikabonyeza. Tk. Nililia kwa furaha.

Kesho yake Mama alisema kamera inalia yenyewe ndani ya kabati, mchana, sisi wote tukiwa jikoni. Nilimwambia ni chuma kinalegea.

Siku ya nne nilimpelekea Papa Kasonia kamera, na jioni alinipa picha kwa mikono miwili, bila kuniangalia.

“Mama Keren, ulisahau kuzungusha. Umepiga picha mbili juu ya kipande kimoja.”

Tamar alikuwa anacheka. Magotini pake alikaa Keren, kichwa kikigusa kidevu chake. Ukikata mmoja unakata na mwingine. Na kwetu picha ya mtoto aliye hai haiwekwi kwenye meza ya wafu.

Nilimweleza Mama mara mbili, nikamwonyesha kifundo. Alisikiliza vizuri.

“Keren iko na miezi ngapi?”

“Minane, Mama.”

“Na Tamar alienda lini?”

“Miaka minne.”

“Sasa mutu mwenye alikufa anabebaka mutoto namna gani?”

Nilitaka kurudia habari ya kifundo. Lakini niliangalia tena ule mkono wa Tamar, umezunguka tumbo la Keren asianguke. Siku ile baba alipompiga picha, sikumbuki akiweka mkono namna ile.

Mama hakurudi mlangoni. Alianza kutandika kitanda kile cha pili kisicholaliwa na mtu, akaniomba shuka safi kwa ajili ya Tamar. Nikaenda kuileta.