Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

Pikipiki ya baba ilikuwa na ulimi mmoja tu, nao ulikuwa kitambaa chekundu.

Geji yake ya mafuta ilikufa kabla sijamaliza shule. Baba alikuwa dereva wa malori mpaka mgongo ulipomkatalia kazi, na hakuona sababu ya kununua nyingine. Badala yake alitunga sheria. Chini ya tangi, karibu na goti la kushoto, kuna koki ndogo. Ikikaa upande mmoja unatumia mafuta ya kawaida. Mafuta hayo yakikatika, unaigeuza upande wa pili, unapata akiba kidogo ya kukufikisha penye mafuta. Sheria ya baba ilikuwa hii: atakayegeuza koki kwenda kwenye akiba, afunge kitambaa chekundu kwenye usukani. Atakayejaza tangi, arudishe koki, afungue kitambaa na kukiweka chini ya kiti. Ukikuta usukani mtupu, panda uende.

Hata fundo alitufundisha, fundo la kamba za turubai, lisilofunguka kwa upepo. Mimi, kaka yangu na mdogo wangu wa kike tulilifunga vidole vikiwa bado vinanuka maziwa. Hatukuwahi kulala njiani.

Siku ya harusi ya mdogo wangu, usukani ulikuwa mtupu.

Mdogo wangu huyu tunamwita Malkia tangu utotoni, kwa sababu hakuwahi kukubali kukaa sakafuni kama sisi wengine. Gauni lake nililishona mimi. Ni fundi cherehani, nina stashahada ya ubunifu wa mavazi, ambayo shangazi huiita stashahada ya sindano. Nafanya kazi mjini kwenye duka la mwanamke tunayemwita Madamu. Kila ninachoshona pale kinatoka na jina lake kwenye kola. Gauni la Malkia lilikuwa la kwanza nililolichora, nikalikata, nikalishona na kulitia shanga peke yangu, baada ya saa za kazi, Madamu akiwa ameshafunga droo zake na kwenda kwake. Nilitaka jambo moja tu: harusi nzima imwone mdogo wangu ndani yake.

Jioni ya kuamkia harusi nililileta nyumbani ajaribu. Zipu ilipanda hadi kiunoni, ikagoma.

"Limesinyaa," Malkia akasema.

"Halijaguswa na maji, litasinyaaje?"

"Basi ulinipima vibaya."

"Nilikupima vizuri. Wewe ndiye umeongezeka."

Shangazi alikuwa kitandani anakata kucha za miguu. "Usimwambie bibi harusi kanenepa," akasema. "Mwambie kapendeza kwa upana."

Tukacheka wote, hata Malkia, ingawa yeye alicheka akiwa amekunja uso. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeacha nafasi ya kutosha ndani ya mishono ya ubavuni. Tatizo ni kwamba kitambaa kile kizito kilikuwa na tabaka tatu na lazi juu yake, na cherehani ya mama ingekitafuna. Cherehani ya kukiweza ilikuwa dukani. Nikasema nitaenda asubuhi na pikipiki, niachie mishono, nirudi kabla hawajampamba.

Asubuhi nikatoka uani wenzangu wakiwa bado wanapigana foleni ya bafu. Nikatazama usukani. Mtupu. Kaka ndiye aliyeitumia jana yake, nikasema moyoni kumbe siku hizi amekuwa mtu mzima, amejaza. Nikafunga boksi la gauni nyuma kwa mipira ya baiskeli, nikawasha.

Dukani kazi ilikwenda vizuri mno. Nikafumua, nikashona, nikapiga pasi kwa ndani ili lazi isilale. Nililitundika mbele ya kioo cha Madamu na kurudi nyuma hadi mlangoni kulitazama. Sitaona haya kulisema: lilikuwa zuri. Kwa mara ya kwanza nilitazama kazi inayotoka pale, na kola yake ilikuwa tupu, haina jina la mtu mwingine.

Wakati wa kutoka mjini nilipita kituo cha mafuta. Hakukuwa na foleni. Mhudumu, dada ninayemshonea sare, alinyanyua mpira wa pampu akaniita, "Fundi! Leo hunywi?"

"Nimeshiba!" nikamjibu, nikampita.

Nikakata mashamba, nikavuka daraja, nikaanza kupanda mlima mrefu ambao hauna nyumba pande zote mbili. Katikati ya mlima injini ikakohoa. Sikushtuka. Nikateremsha mkono wa kushoto, kama nilivyofanya mara nyingi gizani na kwenye mvua, nigeuze koki.

Koki ilikuwa imeshageuzwa.

Vidole vikabaki pale, vinaisukuma kuelekea mahali ambapo tayari ilikuwapo. Pikipiki ikapunguza mwendo taratibu, ikasimama. Nikasikia nyasi.

Kumbe akiba ndiyo iliyonipeleka mjini. Akiba ndiyo iliyonipitisha kwenye kituo cha mafuta nikijigamba nimeshiba.

Nikapiga simu nyumbani. Mama hakupokea. Kaka hakupokea, maana alikuwa amelipeleka gari la bibi harusi kupambwa. Mwishowe shangazi akapokea, nyuma yake vigelegele.

"Uko wapi wewe? Mwenzio amekaa na kanga hapa kama mgonjwa wa wodini!"

"Nimeishiwa mafuta, shangazi. Niko mlimani, baada ya daraja. Mtume mtu."

"Siku zote hayaishi, leo ndiyo yameisha?"

"Shangazi, tafadhali, mtume mtu."

"Tutaona," akasema, simu ikakatika. Nilipopiga tena, haikupatikana.

Nikasukuma. Asiyewahi kusukuma pikipiki mlimani asidhani ni kama kusukuma baiskeli. Pikipiki isiyo na mafuta inakudai kila hatua. Viatu vyangu vya harusi vilikuwa kwenye mfuko, nilivaa ndala, na ndala moja ilikatika nikaendelea na mguu mtupu. Kila baada ya muda nilisimama kukagua boksi kwanza, ndipo nijikague mwenyewe. Mwanamume mmoja akanipita na baiskeli, akageuza shingo.

"Dada, nani anampeleka mwenzake hapo?"

"Nipe mafuta au nipe mgongo," nikamwambia.

Alicheka, lakini akashuka, akasukuma nami hadi kileleni. Akaniambia chini kule kuna duka ambalo mwenyewe huuza petroli kwenye chupa. Nikamshukuru, nikateremka kwa mserereko, upepo ukinikausha jasho, nikaanza hata kuimba.

Duka lilikuwa na kufuli. Bibi mmoja alikuwa barazani anachambua mboga.

"Mwenye duka yuko wapi, bibi?"

"Ameenda harusini."

"Harusi ya nani?"

"Mzee mmoja alikuwa dereva wa malori zamani. Anaoza binti yake leo." Akaniangalia juu hadi chini, mguu mtupu, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Wanasema binti mwenyewe mzuri, lakini gauni halijafika."

Habari zilikuwa zimenitangulia. Zenyewe hazitumii petroli.

Nilisukuma tena hadi kwenye shule, ambako bwana mmoja alikuwa anafyeka uwanja kwa mashine ya kukatia nyasi. Niliisikia ile mashine kabla sijaiona, na nakiri sijawahi kupenda mlio wa kitu chochote namna ile. Nikamweleza. Akazima mashine, akakuna kichwa.

"Ninayo, lakini nimeichanganya na oili. Itatoa moshi."

"Hata ikitoa mapepo, nipe."

Akanimiminia. "Wakikuuliza harufu, sema umejifukiza," akaniambia.

Nikaingia nyumbani kwetu nikifuatwa na wingu la buluu. Watu walikuwa wameshakaa mezani chini ya hema. Nilimwona Malkia kabla hajaniona. Alikuwa amevaa gauni la kuazima la binti wa shangazi, pana begani, limebanwa mgongoni kwa pini ambazo mtu yeyote mwenye macho angezihesabu. Walikuwa wameshafunga ndoa, wameshapiga picha. Nikabaki getini na boksi mikononi.

Mama alinijia mbio. Nilidhani anakuja kunipokea boksi.

"Umetuaibisha," akasema.

"Mama, mafuta..."

"Mama mkwe wa mwenzako ameuliza kama binti yetu hana dada."

Shangazi akafika nyuma yake, sahani mkononi. "Anaye. Ila dada ameanza kupitwa, na kupitwa kunauma. Si kosa lake, ni wivu, una mahali pake tumboni."

Maneno yale yalikuwa yamezunguka meza zote kabla sijafika. Niliyasoma kwenye macho ya watu walivyoacha kutafuna. Dada mkubwa, hajaolewa, ameshona gauni, ameondoka nalo asubuhi, hakurudi. Hadithi ilijishona yenyewe, wala haikuhitaji pindo.

Nikamtafuta kaka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, tai ameilegeza.

"Uliiacha kwenye akiba bila kitambaa."

"Nani? Mimi?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Nilikifunga kwa mikono hii. Fundo la baba. Nikajua utakiona, utajaza mjini, pale pale ulipokuwa unakwenda."

Kaka ana mambo mengi, lakini uongo wake naujua, huanza kwa kucheka. Hakuwa anacheka.

Nikaingia chumbani nilale chini kidogo, niweke boksi mahali pasipo na mchuzi. Juu ya meza ya kioo, kati ya poda na vibanio, nilikuta mkasi wangu wa vitambaa. Mkasi ule huwa nauviringisha kwenye flana, na hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kuugusa. Ulikuwa wazi. Na kwenye ndoo ya takataka, chini ya pamba zenye rangi ya mdomo, kulikuwa na kitambaa chekundu. Kilikuwa kimekatwa. Fundo la baba bado lilikuwa limekaza.

Malkia akaingia kurekebisha pini. Nikamfungulia kiganja.

Alikitazama kidogo tu. "Hicho? Kilikuwa kinaharibu picha."

"Picha gani?"

"Jana jioni, nilipokaa juu ya pikipiki na maua. Kichafu kile, kinaning'inia mbele ya kifua changu. Fundo likanishinda, nikakikata."

"Ulijua maana yake."

"Nilitaka kufunga kingine baada ya picha. Mpambaji akaniita, nikasahau." Akageukia kioo. "Ni kitambaa tu. Usinilize, nina wanja."

"Kwa hiyo umewaambia? Shangazi anazunguka huko anasema ni wivu."

"Niwaambie leo? Mbele ya wakwe? Waseme nimejiharibia harusi mwenyewe?"

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini, ila uso wake ulionyesha amesikia ya kutosha. Nilimsubiri. Nilimsubiri kama mtoto aliyeanguka anavyosubiri kuona kama kuna mtu ameona, ndipo alie.

"Kitupe hicho," mama akaniambia kwa sauti ya chini. "Nenda pale mezani, umwombe msamaha mwenzako mbele ya mama mkwe wake. Neno moja tu, yaishe."

"Mama, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Yeye anakwenda kuishi na wale watu. Wewe unabaki na sisi. Wewe unaweza kubeba."

Basi ndivyo mizigo inavyogawanywa kwetu. Anayeweza kubeba ndiye anayebebeshwa, na akishabeba anaambiwa asigune.

Wakanitoa nje. Mama wa bwana harusi alifuta vidole polepole, akanitazama kama mtu anayesubiri chakula alichoagiza. Baba alikuwa ameketi pembeni yake na suti yake ya zamani. Nikamwendea baba kwanza. Nilimwekea kitambaa mkononi.

Baba alilipapasa fundo kwa kidole gumba, akalijua. Akagusa ncha zilizokatwa, kisha akainua macho hadi kwenye mkono wa Malkia uliokuwa unarekebisha pini. Alielewa. Hakuna mtu pale aliyeelewa haraka kuliko yeye, maana sheria ilikuwa yake.

Akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni.

"Sema tu, mwanangu," akaniambia. "Watu wanakungoja."

Mlima ule sikuulilia. Duka lenye kufuli sikulilia. Hapo ndipo macho yalipojaa, na sikuyafuta, ili wayaone vizuri.

Nikafungua boksi. Nikalitoa gauni, nikalikung'uta mara moja, nikalitundika kwenye mti wa hema mbele ya meza ya wakwe, zipu imefungwa mpaka juu. Shanga zikashika jua. Mwanamke mmoja wa upande wao akasema "Jamani!" kisha akajiziba mdomo. Malkia alilitazama gauni kwa muda mrefu, akainamisha kichwa. Alikuwa na nafasi ya kusema, na koo lake halikuwa na pini. Akarekebisha pini nyingine.

"Haya," shangazi akanisukuma bega. "Omba msamaha, watu waendelee kula."

Nikavua ndala moja iliyobaki, nikasimama sawasawa.

"Gauni hili hapa," nikasema. "Limeshonwa vizuri na linamtosha. Msamaha siombi."